Zabibu Hazina Kosa: Siku Tatu Katika Nchi ya Mvinyo

Penye mnazi hapakosi mgema. Sisi wa mwambao tumezaliwa tukilijua jambo hili. Mti ni ule ule mmoja: huyu huangua nazi akapata tui la wali, na yule huukwea na kibuyu chake akateremka na tembo. Mzabibu nao ni vivyo hivyo. Tunda lake limetajwa katika Kurani miongoni mwa neema, na mkono wa binadamu ndio uamuao liwe zabibu kavu, siki au mvinyo.

Niliyawaza hayo mwezi wa Aprili, nilipoalikwa Afrika Kusini na sahibu yangu wa zamani, Mkristo, ambaye tulifanya kazi pamoja Nairobi na sasa ana makazi yake Cape Town. Yeye na mkewe walikuwa wakitimiza miaka 25 ya ndoa, wakataka marafiki tukae nao mwisho wa juma huko Stellenbosch, katikati ya mashamba ya mizabibu.

Nilisita. Kuikataa furaha ya rafiki ni uzito, na kukaa katika meza inayozungushwa pombe dini yetu imekataza. Mke wangu ndiye aliyenitoa mashakani. "Baba watoto," akasema, "mweleze wazi kabla ya safari. Rafiki asiyeambiwa halaumiwi."

Nikampigia simu. Hakukasirika hata kidogo. "Ndugu yangu, mimi nimewaita watu, sikuiita chupa. Meza yetu itakuwa na maji ya zabibu, na atakaye kinginecho atainuka akifuate mbali."

Stellenbosch ni mji wa kupendeza, wala sitaficha. Uliasisiwa mwaka 1679 na gavana wa Kiholanzi, Simon van der Stel. Milima imeuzunguka, na mizabibu imepandwa safu kwa safu hadi macho yanapokoma. Mvinyo wa kwanza wa Rasi ulikamuliwa tarehe 2 Februari, 1659, katika zama za Jan van Riebeeck.

Lakini ni mikono ya nani iliyolima? Ni ya watumwa walioletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, Bara Hindi na visiwa vya Indonesia, hata utumwa ulipofutwa mwaka 1834. Na baada ya hapo wafanyakazi wa mashamba waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iitwayo "dop". Sheria iliipiga marufuku katika miaka ya 1960, lakini baadhi ya mashamba hayakuiacha kwa miaka mingi. Hadi leo Rasi ya Magharibi ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye watoto wengi waliodhurika tumboni kwa ulevi wa mama zao. Hebu fikiri, msomaji: mtu alime mchana kutwa, kisha alipwe kwa kitu kitakachomdhuru mwanawe!

Usiku wa Jumamosi tulikula. Mwenzetu mmoja akanitania, "Mtu kufika huku asionje ni kama kwenda Lamu asile samaki." Nikamwambia, "Zabibu nimekula kilo nzima. Zilizooza nimewaachia ninyi." Tukacheka sote, na aliyetaka chupa yake aliinuka kama tulivyoagana. Bibi harusi wa miaka 25 akanidai zawadi, nami nikatoa beti moja:

Ishirini na mitano, miaka yenu nyumbani,
Mmeshikana mikono, hamkwachana njiani,
Ndoa si ya mashindano, wala si raha mezani,
Ni subira na maneno, yenye wema na imani.

Jumapili asubuhi, wenzetu wakiwa bado wamelala, mimi na mke wangu tulikodi teksi hadi Macassar, si mbali na pale. Huko iko ziara ya Sheikh Yusuf, mwanachuoni wa Makassar ya Indonesia aliyepigana na Waholanzi. Walimhamishia Ceylon mwaka 1684, kisha Rasi mwaka 1694 pamoja na wafuasi 49. Walimweka mbali na mji ili asisikiwe, lakini watumwa waliotoroka walimfuata huko huko wakapata makimbilio. Alifariki mwaka 1699. Tulisimama chini ya kuba lake tukasoma Fatiha.

Huko Constantia nako, penye shamba la mvinyo mashuhuri, iko ziara ya Sheikh Abdurahman Matebe Shah, naye alihamishwa na Waholanzi hao hao. Waislamu walikaa Constantia vizazi kwa vizazi, mpaka sheria ya ubaguzi wa makazi ya mwaka 1950 ilipokuja kuwafukuza watu wasio weupe. Nyumba zikatwaliwa. Makaburi yakabaki.

Na wale si wageni kwetu. Wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, kama sisi. Katika karne ya 19 madrasa zao ziliandika Kiafrikaana kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili.

Watu hawa waliletwa kwa minyororo, wakatumikishwa katika mashamba yaliyokamuliwa mvinyo, na kwa zaidi ya karne tatu dini yao haikukatika. Hawakuwa na uwezo wa kukataa mwaliko kama nilivyokuwa nao mimi. Basi sisi tulio huru, tunaoweza kumwambia rafiki neno moja kwa simu akatuelewa, tuna udhuru gani?