Vyaelea, Vimeundwa

Usione vyaelea, vimeundwa. Siasa ya nchi za nje ya taifa lolote ni chombo tukionacho kikielea baharini, lakini mbao zake zimechongwa nyumbani, na misumari yake ni sheria za nchi. Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba siasa hiyo hutungwa na mabalozi na mawaziri peke yao. Historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika yatufundisha vingine, na kwa somo hilo hakuna mfano bora kuliko Bunge la Marekani.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru wa bandia katika Rhodesia. Mwezi uliofuata Tanzania, kwa kutii azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mwaka 1966 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya lazima dhidi ya walowezi hao, na mwaka 1968 likavikaza hadi kufunga takriban biashara yao yote. Marekani iliunga mkono maazimio hayo mbele ya dunia nzima.

Ahadi ni deni. Lakini mwaka 1971 deni hilo lilikanwa mjini Washington. Makampuni ya Kimarekani ya Union Carbide na Foote Mineral yalikuwa na migodi ya kromu katika Rhodesia. Seneta Harry Byrd wa jimbo la Virginia alipachika kifungu ndani ya sheria ya ununuzi wa silaha. Kifungu hicho hakikuitaja Rhodesia hata mara moja. Kilisema tu kwamba Rais hatazuia madini muhimu kwa ulinzi yatokayo katika nchi isiyo ya kikomunisti, iwapo madini yaleyale yanaruhusiwa kutoka nchi ya kikomunisti. Na kwa kuwa Marekani ilikuwa ikinunua kromu ya Urusi, kromu ya Smith ikapata njia. Rais Nixon alitia saini Novemba 1971.

Mbunge Charles Diggs, Mmarekani Mweusi aliyeongoza kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi inayohusika na Afrika, alikwenda mahakamani pamoja na wenzake. Mwaka 1972 mahakama ya rufani ya Washington ilikiri kwamba sheria hiyo inavunja ahadi ya taifa kwa Umoja wa Mataifa. Hata hivyo iliamua kwamba, kwa mujibu wa Katiba ya Marekani, Bunge lina uwezo wa kutunga sheria inayopingana na mkataba. Ndivyo kifungu kimoja cha ndani kilivyolishinda azimio la dunia.

Kilichofungwa na sheria hufunguliwa na sheria. Kifungu cha Byrd kilifutwa Machi 1977, wakati wa Rais Carter, baada ya miaka mingi ya kampeni ya Wamarekani Weusi na wapenda haki wengine. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Lakini kwa zaidi ya miaka mitano kromu ile ilikuwa imempatia Smith fedha za kigeni, huku vijana wa Zimbabwe wakimwaga damu msituni.

Tukumbuke pia mwaka 1986. Rais Reagan aliipinga kwa kura ya turufu sheria ya vikwazo dhidi ya makaburu. Lakini tangu Novemba 1984 wananchi walikuwa wakiandamana na kukamatwa mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini, na vyuo vikuu na miji ilikuwa ikiondoa fedha zake katika makampuni yaliyofanya biashara na makaburu. Wabunge waliisikia sauti hiyo. Baraza la Wawakilishi liliitangua turufu kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa 78 dhidi ya 21.

Hata hivyo tusilitukuze Bunge lile. Mwaka 1976 lilipiga marufuku msaada wa kijeshi wa siri kwa makundi yaliyokuwa yakipigana Angola; mwaka 1985 likaifuta marufuku hiyo, na mwaka uleule wa 1986 silaha za Marekani zikamfikia Savimbi. Shoka lililokata minyororo ya makaburu ndilo lililochonga mpini wa bunduki. Tofauti ilikuwa ni nani aliyelishika: wenye migodi na wenye hofu ya ukomunisti, au wananchi waliojipanga.

Nasi je? Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Madaraka hayo si pambo. Mbunge anayeridhia mkataba asiousoma anawafunga watoto wetu kwa kamba asiyoijua urefu wake. Na mwananchi asiyemuuliza mbunge wake juu ya mikataba hiyo amewaachia wengine shoka. Heshima ya taifa ughaibuni huundwa hapa nyumbani, kifungu kwa kifungu. Basi tuwe macho wakati wa kuchonga, kwani chombo kikishavuja katikati ya bahari, fundi yuko mbali.