Kiungulia Kisichosikia Dawa

Simama dakika chache kwenye duka lolote la dawa karibu na soko la Kilombero, hapa Levolosi, Arusha, na utasikia mtu akiomba omeprazo. Wengine hawataji hata wanachoumwa. Wanaweka hela kaunta, wanapewa pakiti ya vidonge kumi, wanaondoka. Mama aliyebeba kikapu cha nyanya anaongezea na magnesiamu za kutafuna, moja anaitia mdomoni palepale kabla hajafika mlangoni. Ukimuuliza anaumwa nini, atakujibu kama wanavyojibu wengi: vidonda vya tumbo.

Wengi wa wanunuzi hawa watapata nafuu. Kiungulia ni tatizo la kawaida na omeprazo ni dawa nzuri. Ninaowaandikia ni wale wasiopata nafuu, waliokula vidonge miezi na miezi, kifua bado kinawaka, na sasa ugali nao umeanza kugoma kushuka. Kwa mtu wa namna hiyo, tena anayeishi chini ya Mlima Meru, kuongeza kidonge cha pili juu ya kile cha kwanza ni kupoteza muda, na muda huo unaweza kumgharimu sana.

Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa sentimita 25 hivi. Unapita kifuani nyuma ya moyo, ndiyo maana kuungua kwake watu wengi hudhani ni moyo. Mwisho wake, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa mviringo unaolegea unapomeza na kubana chakula kikishapita. Kuta za tumbo zina ute mzito wa kuzikinga na asidi yake lenyewe. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Msuli ule ukilegea wakati usio wake, asidi inapanda na kuunguza. Tumbo lililojaa kupita kiasi huulegeza, na vivyo hivyo ujauzito, kitambi, sigara, pombe, na kulala mara tu baada ya kula. Zipo pia dawa zinazoulegeza, zikiwemo baadhi ya dawa za presha kama nifedipini na amlodipini. Anayezitumia asiziache kwa sababu ya kusoma haya. Amweleze daktari wake, zipo za kubadilisha.

Sasa tuangalie dawa yenyewe, kwa sababu watu wengi wanaosema haiwasaidii hawajawahi kuitumia inavyotakiwa. Ukikifungua kidonge cha omeprazo utakuta vipunje vyeupe vidogo sana, vya mviringo. Kila kipunje kimevikwa utando, kwani dawa hii ikikutana na asidi ya tumboni inaharibika. Inatakiwa ivuke tumbo ikiwa salama, iyeyukie kwenye utumbo mdogo, iingie kwenye damu, na damu ndiyo iirudishe hadi kwenye kuta za tumbo. Huko kuna seli zenye pampu zinazomwaga asidi, na omeprazo hufunga pampu hizo. Lakini inazifunga zile tu zilizo kazini wakati huo, na kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo anayemeza kidonge nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, dawa yake inafika pampu zikiwa zinaamka. Anayemeza usiku wa manane kwa sababu kifua kimemwasha, tumbo likiwa limetulia, dawa yake inakosa kazi ya kufanya. Tena mwili hutengeneza pampu mpya kila siku, hivyo dawa huchukua siku tatu hadi tano za kumeza bila kuruka kufikia nguvu yake. Ukitafuna kidonge, au ukakipasua na kusaga vile vipunje ili kishuke kirahisi, umevunja utando na umeitupa dawa.

Magnesiamu ni kitu kingine kabisa. Yenyewe huizima asidi iliyokwisha kumwagika, ndiyo maana nafuu yake huja ndani ya dakika na kuondoka upesi.

Lipo pia suala la bakteria wa tumboni. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria anayeitwa Helikobakta, na kwamba antibiotiki humtibu. Ugunduzi huo umeokoa watu wengi. Ila umezaa pia tabia ya kumtwisha bakteria huyo kila maumivu ya juu ya kitovu. Msuli uliolegea hautibiwi kwa antibiotiki. Na anayekwenda kupima Helikobakta kwa choo au kwa pumzi huku anaendelea na omeprazo anaweza kupewa jibu la uongo. Dawa inapaswa kusimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo.

Haya tuseme mtu ametumia dawa vizuri. Amenyanyua kitanda upande wa kichwani kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, badala ya kurundika mito ambayo hukunja tumbo na kulibana zaidi. Halali kabla ya saa tatu kupita tangu ale, na akilala anajilaza ubavu wa kushoto, ambako umbo la tumbo lenyewe huiweka asidi chini ya mlango wa umio. Amepunguza uzito. Hata hivyo takriban theluthi ya wanaotumia dawa za kundi la omeprazo hubaki na dalili. Kwa baadhi yao kinachopanda si asidi. Wengine umio wao una hisia kali kuliko kawaida, unauma hata bila kuungua. Na wapo ambao tatizo lao tangu mwanzo halikuwa kiungulia.

Hao wa mwisho mara nyingi hujulikana kwa jambo moja: chakula kinakwama.

Kukwama kwa chakula hakuanzi kwa kishindo. Kunaanza na tonge moja la ugali linalosita katikati ya kifua, mtu anakunywa maji, linashuka, anasahau. Baada ya wiki chache nyama choma inakuwa shida, anaanza kuikata vipande vidogo vidogo. Halafu anaiacha na kusema siku hizi haipendi. Ugali anauchovya sana kwenye mchuzi. Chapati anailoweka kwenye chai. Mwishowe anakula mtori, loshoro na uji, na hapa ndipo palipo na hatari ya pekee kwa watu wa Arusha na Kilimanjaro. Vyakula vyetu vya asili vinavyopendwa ni laini. Mzee anayekunywa mtori asubuhi na loshoro jioni hamshangazi mtu nyumbani. Ataonekana anakula vizuri, pengine atasifiwa kwa kushika vyakula vya kwao, wakati umio wake umebaki na nafasi ndogo kabisa. Familia huja kushtuka suruali zikianza kumvuka.

Daktari mzuri atauliza swali moja linalogawa njia. Je, kulianza kukwama vyakula vigumu peke yake, vikafuata laini, mwishowe maji? Hiyo ni dalili ya njia kuwa nyembamba: kovu lililoachwa na asidi ya miaka mingi, au uvimbe. Au maji na nyama vilianza kusumbua kwa pamoja tangu siku ya kwanza? Hapo hushukiwa mishipa ya fahamu na misuli, hasa ugonjwa uitwao akalasia, ambapo ule msuli wa mwisho hukataa kulegea. Mwenye akalasia hutapika chakula cha jana kikiwa hakijasagika, na kinachochacha ndani ya umio humletea mwasho kifuani unaofanana kabisa na kiungulia. Watu wa aina hii wanaweza kumeza omeprazo miaka bila faida yoyote.

Kama kumeza kunauma, pana sababu nyingine za kutafuta. Fangasi wa umio huwapata hasa wenye kinga iliyoshuka, na kwa flukonazo wengi hupona ndani ya wiki chache. Anayeugua hivyo apime pia virusi vya UKIMWI kama hajui hali yake. Vidonge navyo huunguza vikiganda njiani, hasa doksisaiklini, aspirini na diklofenaki. Mtu anameza kidonge kwa funda moja la maji, analala, na asubuhi ana kidonda kifuani. Dawa za aina hiyo zimezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa amekaa wima, na asilale nusu saa inayofuata.

Kisha kuna saratani, na kuhusu saratani mahali tunapoishi pana maana. Upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, kuna ukanda ambao saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Kilimanjaro na Arusha tumo ndani yake. Ulaya na Marekani aina inayozungumzwa sana ni ile inayotokana na asidi kuunguza sehemu ya chini ya umio kwa miaka mingi. Ya kwetu ni tofauti: zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi wana aina inayoanzia kwenye ngozi ya ndani ya umio wenyewe, na chanzo chake si kiungulia. Kwa hiyo mtu anayedhani omeprazo inamkinga na saratani hii amejipa matumaini yasiyo na msingi. Nao umri si kinga. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, ambako ugonjwa huu umefuatiliwa kwa muda mrefu, wamepatikana wagonjwa walio chini ya miaka 30.

Chanzo chake bado kinasakwa. Pombe na tumbaku zimo. Chai ya moto imo pia, na kuhusu hiyo tuna vipimo vya hapa hapa jirani. Watafiti waliopima chai ya wanywaji wa Kilimanjaro walichapisha matokeo mwaka 2015: kwa wastani watu walianza kuinywa ikiwa na nyuzi joto 70.6. Chai ya maziwa ilipoa polepole kuliko ya rangi, nayo ilinywewa ikiwa ya moto zaidi. Mwaka uliofuata, 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vilivyozidi nyuzi 65 vina uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Mwaka 2022 watafiti waliolinganisha wagonjwa na watu wazima wasio na ugonjwa, Malawi na Tanzania, waliona tena kwamba waliozoea vyakula na vinywaji vya moto sana walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wapo wanaojifariji kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ni kweli: Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95. Kutoka 95 kushuka hadi 65 bado ni safari ndefu, na dakika tano za kusubiri kikombe kipoe hazimgharimu mtu kitu.

Kenya wameona pia uhusiano kati ya saratani hii na meno yaliyobadilika rangi kwa floraidi, meno ambayo kila aliyekulia kwenye miteremko ya Meru anayajua. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na mwenye meno ya kahawia asikae na hofu. Ni jambo la kufuatiliwa na watafiti, na nadhani mkoa wetu ndio mahali pake.

Kinachotenganisha haya yote, kovu, akalasia, fangasi na saratani, ni kipimo cha kamera. Mgonjwa hukaa bila kula saa sita hadi nane. Hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, hulala ubavu wa kushoto, huwekewa kitu cha kung'ata mdomoni, kisha mpira mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa hadi tumboni. Kipimo kinakereketa, kinatia kichefuchefu, na kwa kawaida kimekwisha ndani ya dakika kumi. Daktari akiona sehemu isiyo ya kawaida hunyofoa vipande vidogo vya kupeleka maabara, na kunyofolewa hakuumi. Anayeshukiwa akalasia hunyweshwa pia bariamu na kupigwa eksirei, na umio wake huonekana umetanuka juu na kuchongoka chini.

Majibu yakipatikana, tiba zipo. Kovu hutanuliwa. Akalasia hutanuliwa kwa puto au msuli hukatwa, upasuaji ulioanzishwa na Ernst Heller wa Ujerumani mwaka 1913. Tangu mwaka 2008, kwa kazi ya Haruhiro Inoue wa Japani, unaweza kufanywa kupitia mdomoni bila kupasua tumbo. Saratani ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji, na mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hata iliyochelewa ina la kufanyiwa: bomba la waya linalojitanua huwekwa ndani ya umio ili mgonjwa aweze kula tena kwa siku alizobakiwa nazo. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi wa ukanda huu hufika katika hatua hiyo, baada ya miezi ya vidonge vya dukani. Muuza dawa anayemwona mteja yuleyule akirudi kwa pakiti ya tatu angemsaidia sana kwa kumuuliza kama chakula kinashuka vizuri.

Kama chakula kimeanza kukukwama, wewe au mzee wako nyumbani, hata kama kinakwama mara mojamoja, au ikiwa kuna kupungua uzito, kutapika damu, au choo cheusi, nenda kituo cha afya wiki hii. Ukifika usiseme una vidonda vya tumbo. Mwambie daktari chakula gani kilianza kukwama, tangu lini, na umeshatumia dawa gani, kisha uombe rufaa ya kipimo cha kamera. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda yetu, iko Moshi, kilomita 80 hivi kutoka hapa, na kipimo hicho kinafanyika huko.