Tupime Kwanza, Ndipo Tujenge

Mtu mwenye busara, atakapo kujenga nyumba, hukizuru kiwanja chake wakati wa masika, ayaone maji yanapopita. Fundi hajaitwa bado, wala tofali moja halijafyatuliwa. Wahandisi huiita kazi hiyo upembuzi yakinifu, na jina hilo lafaa sana, maana kupembua ni kazi ya ungo: pumba upande huu, nafaka upande ule.

Katika Tanzania ziko reli mbili ambazo habari zake zatosha kutufunza maana ya ungo huo. Moja haipo tena.

Mwaka 1946, baada ya vita kuu, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakatumwa wataalamu watatu, wakiongozwa na Bwana John Wakefield, wapime kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika Afrika Mashariki na ya Kati. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Wakarudi na shauri la kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika. Shamba la majaribio halikungojewa. Kule Kongwa udongo ulikauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, na karanga zikakataa kung'oka. Mvua nayo haikuja kwa kadiri iliyotarajiwa. Wagogo, ambao wameishi na ukame vizazi na vizazi, wangeliweza kuyaeleza hayo bila malipo yoyote.

Huko kusini ikalazwa reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea, ije kuchukua karanga ambazo hakuna aliyethibitisha kwamba zitapatikana. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang'olewa. Bandari ya Mtwara ilibaki, na leo yasafirisha korosho. Hiyo ni bahati njema, lakini bahati haiandikwi katika hesabu za mhandisi.

Reli ya pili ni ile ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Hapa mambo yalikuwa kinyume: wapimaji wa kwanza walisema haifai. Mwaka 1964 Benki ya Dunia ilitoa maoni kwamba shehena haitatosha, na kwamba Zambia tayari ina njia ya reli kupitia kusini. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia, na njia ile ya kusini ikageuka kuwa kitanzi. Mwaka 1966 wapimaji wengine, kampuni ya Maxwell Stamp ya London, wakaitazama nchi ile ile wakasema reli inafaa.

Je, ni nani aliyekosea? Kwa maoni yetu, kila mmoja alijibu swali aliloulizwa. Benki iliuliza kama reli italipa. Rais Nyerere na Rais Kaunda waliuliza kama Zambia itapumua. Ripoti ya upimaji haina jibu lililo pana kuliko swali lake, na kwa hiyo wananchi wanapoletewa ripoti wafanye vema kulisoma swali kabla ya kulisoma jibu.

Baada ya mkataba kutiwa sahihi Beijing, Septemba 1967, haikukimbiliwa sururu. Miaka mitatu ilipita katika kupima na kuchora kabla ya kazi kuzinduliwa Oktoba 1970. Wapimaji wa Kichina na wenzao wa Kiafrika waliipita njia hiyo kwa miguu, wakavuka mabonde na misitu. Kati ya Mlimba na Makambako, mwendo wa karibu kilomita 160, milima ni mikali na udongo ni wa hila. Mengi ya mahandaki ya reli hii yako hapo. Njia ilikamilika mwaka 1975, na treni zapita hapo hata leo.

Lakini kulaza reli ni jambo moja na kuiendesha ni jingine, na hili la pili halikupembuliwa vya kutosha. Injini za kwanza zilielemewa na miinuko ile ile iliyokuwa imepimwa kwa uangalifu, ikabidi nyingine ziletwe katika miaka ya 1980. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikufikia kiasi hicho hata mara moja. Mwaka 1978 Zambia ilianza tena kutumia njia ya kusini, na shehena ikagawanyika. Katika mwaka wa fedha wa 2014/15 zilibebwa tani 88,000 tu. Hofu ya Benki ya mwaka 1964, ambayo wengi wetu tuliizoea kuicheka, haikuwa ya kipuuzi.

Septemba 2024, huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji sahihi wa hati ya kuifufua reli hii. Safari hii mpimaji ana jambo jipya la kutia katika ungo: shaba ya Zambia na ya Kongo sasa ina mlango mwingine, ile reli iendayo Lobito, Angola, kwenye bahari ya Atlantiki. Tungependa kuona ni tani ngapi anazitarajia, na amezihesabu kutoka mgodi gani.