Kwa Nini Upepo wa Kusi Hauleti Mvua Dodoma

Watumishi waliohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam baada ya tangazo la Julai 2016 hawakukawia kugundua mambo mawili: usiku wa Julai unadai sweta, na upepo wa vumbi unaoanza Juni hauna haraka ya kuondoka. Wengi huuliza swali la maana. Upepo huu unatoka baharini, ndio kusi ile ile wanayoijua wavuvi wa Kunduchi. Mbona hauna hata tone la mvua?

Jibu linaanzia mbali na Dodoma, katika biashara ya joto inayoendeshwa na hewa na bahari baina ya pande mbili za ikweta.

Ukanda wa tropiki na jirani zake, hadi kama nyuzi 35 kaskazini na kusini, hupokea joto jingi la jua kuliko linalorudi angani. Kuelekea ncha za dunia ni kinyume. Ziada isingesafirishwa, huku kungezidi kuungua na kule kungezidi kuganda. Wasafirishaji ni wawili: hewa, ambayo ni nyepesi na ya haraka, na bahari, ambayo ni nzito na ya taratibu lakini yenye ghala kubwa. Takriban mita tatu tu za juu za bahari zinaweza kuhifadhi joto sawa na anga zima lililo juu yake. Mwaka 1735 George Hadley, mwanasheria wa London, alieleza kuwa hewa ya moto hupanda karibu na ikweta, ya baridi hupita chini kuziba pengo, na mzunguko wa dunia huupinda upepo huo njiani. Hesabu zake zilisahihishwa baadaye, ila kiini kimebaki.

Katika Bahari ya Hindi mambo yana vituko, kwa sababu bara la Asia limeiziba upande wa kaskazini. Kuanzia Juni, ardhi ya Asia inapopata joto kali, hewa huvutwa kutoka kwenye mgandamizo mkubwa wa Mascarene, mashariki mwa Madagascar. Ikifika kwetu hugonga ukuta wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, hupinda kupitia Kenya na Somalia, kisha hukimbilia India. J. Findlater aliuchambua mkondo huo katika andiko lake la mwaka 1969: kasi yake kubwa iko kama kilomita moja na nusu tu kutoka usawa wa bahari. Mvuke uliomo ndani yake huishia kunyesha kwenye mashamba ya mpunga ya India.

Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, nyuma ya milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho. Kusi ikiipanda milima hiyo huacha unyevu upande wa mashariki. Ikiteremkia Gulwe na Kongwa imeshakauka. Maelezo haya yamo katika vitabu vya shule, na ni ya kweli, lakini hayatoshi. Dar es Salaam haina mlima wa kuizuia bahari, na bado Julai na Agosti hupata mvua kidogo sana.

Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko juu ya vichwa vyetu. Hewa iliyopanda Asia na kunyesha huko hurudi kusini ikipitia juu sana, imebeba joto lililotolewa na mvua zile. Hushuka taratibu upande wetu wa ikweta, ambako ndiko majira ya baridi. Hewa inayoshuka hubanwa, hupata joto na kukauka, kisha hutulia juu ya kusi kama kifuniko cha sufuria. Vijiwingu vya asubuhi hujitokeza, hugonga hapo na kuyeyuka. Na kwa kuwa anga ni kavu, joto la mchana hutoroka usiku bila kizuizi. Ndiyo ile baridi ya sweta. Wakati huo huo maji ya juu ya bahari, yakisukumwa na upepo na kupindwa na mzunguko wa dunia, huhamisha joto kuelekea kusini. Yaani jahazi linasukumwa kaskazini, huku joto likivuka ikweta kwenda kusini, juu angani na chini baharini.

Kuanzia Novemba biashara hugeuka. Jua lilikuwa utosini Dodoma tangu wiki ya pili ya Oktoba, lakini mvua husubiri hadi unyevu ufike, na kwa kawaida ni Desemba. Unyevu huo huja na upepo wa kaskazini-mashariki kutoka baharini na upepo wa magharibi kutoka Kongo. Kuvukiza lita moja ya maji hugharimu joto la karibu yuniti 0.7 za umeme, na joto hilo hurudishwa mvuke unapogeuka matone. Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, yaani karibu yuniti 400 kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 hunyeshewa mvua iliyoachia angani yuniti 160,000 hivi, sehemu kubwa yake ikiwa joto la jua lililovunwa mbali na hapa.

Bahari inapobadili joto lake, mgawo huo hubadilika. Kwa kawaida maji ya Indonesia ni ya moto kuliko ya kwetu, hivyo hewa hupanda kule na kushuka huku. Miaka mingine upande wa Afrika hupata joto, Sumatra hupoa, na mawingu yanahamia kwetu. Hali hii, iliyoelezwa na watafiti mwaka 1999, huitwa daipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 iliandamana na El Niño ya Pasifiki, ikaleta gharika. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu zinazokaribia zile, lakini daipoli ilikuwa dhaifu, na vuli ya Afrika Mashariki haikufika kiwango cha 1997. Mwishoni mwa 2023 zilikutana tena. Tarehe 3 Desemba tope la mlima Hanang liliifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Ndiyo maana nachoka kusikia El Niño ikitangazwa kana kwamba nchi nzima ina anga moja. Huelekea kuongeza mvua karibu na ikweta na kuzipunguza kusini mwa Afrika. Dodoma iko katikati. Daipoli nayo hufifia mwishoni mwa mwaka, wakati msimu wetu ndio kwanza unachanganya. Hata wastani wa miaka mingi haumlindi mkulima: mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947, ulitelekezwa 1951, na mvua zisizotabirika zilikuwa miongoni mwa sababu.

Mkulima wa Chamwino, Bahi au Kongwa autafute utabiri wa Novemba hadi Aprili wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na asome kwanza lini mvua zitaanza na kama kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu. Ukavu wa Februari hukuta mahindi yakitoa mbelewele na kuyamaliza; mtama na uwele huvumilia zaidi. Muulizeni afisa ugani wa kata kabla hamjanunua mbegu.