Kompyuta ya mkononi: ipi ya kuweka, ipi ya kutoa?

Mpwa wangu ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na Marikiti hapa Mombasa. Juzi, baada ya sala ya Ijumaa, alipita nyumbani, akatoa salamu, akanywa kahawa kikombe kimoja, kisha akaleta la kwake.

"Mjomba," akaniambia, "ile kompyuta yako ndogo ya kukunjua bado unayo? Kuna mtu Uingereza anazikusanya. Nipe nimpelekee, nami nikuletee tableti mpya ya kioo kikubwa, usome magazeti bila ya kukunja uso."

Nikamwambia anipe siku saba. Akacheka sana. "Siku saba za nini, mjomba? Kitu chenyewe hakiwaki!"

Ni kweli, hakiwaki. Lakini mimi niliwahi kukata shauri la haraka juu ya vyombo vya namna hii, mara moja tu maishani, na mara hiyo moja ilinitosha. Ndipo nikaona nikisimulie kisa changu hapa, maana najua leo hakuna nyumba katika Mwambao isiyokuwa na simu nne tano za kale ndani ya mtoto wa meza, na kila siku watu wanaulizana: hii tuiuze, hii tuibadilishe, au hii apewe mtoto aichezee?

VYOMBO VITATU

Vijana waliozaliwa wakazikuta simu huenda wasinielewe, basi nitangulie kueleza. Kabla ya simu kuwa kompyuta, palikuwa na kompyuta za kutiwa mfukoni ambazo hazikuwa simu. Hazikupiga wala hazikupokea. Kazi yazo ilikuwa kuweka majina ya watu, miadi, hesabu na maandishi ya mwenyewe. Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini, kazi ya orodha juu ya orodha, na kwa miaka michache nilibahatika kuwa nazo tatu.

Ya kwanza aliniletea binamu yangu aliyekuwa akiishi London. Ilikuwa Psion Series 5, mtindo uliotoka mwaka 1997, nami niliipata mwaka 1999 ikiwa imekwisha tumika. Ukiifunua, kibao cha herufi huteleza kuja mbele na kioo huegemea nyuma, mfano wa msahafu juu ya marfaa. Herufi zake ni za kubonyezwa kwelikweli, hata mtu akaandika barua nzima kwa vidole vyake vyote. Na chakula chake kilikuwa mawe mawili madogo ya redio, yale yanayouzwa katika kila duka, ambayo yaliiendesha kwa zaidi ya saa ishirini za kazi. Wenye kukumbuka mwaka 2000, pale umeme ulipogawiwa kwa zamu nchi nzima kwa sababu ya ukame, watajua nasema nini. Kompyuta kubwa za ofisini zilinyamaza kama mawe, nami nimekaa dirishani naandika nambari za makasha.

Ya pili ilitoka Dubai kwa ami yangu. Hiyo ilikuwa Palm III, nyembamba, ya kuingia katika mfuko wa kanzu. Inasemekana Jeff Hawkins, aliyebuni Palm, alitembea na kipande cha ubao mfukoni kabla mashine ya kwanza haijatoka mwaka 1996, akikitoa na kujifanya anaandika juu yake, apate kujua kama mtu ataweza kuishi na kitu cha ukubwa ule. Palm haikuwa na herufi za kubonyeza. Uliandika juu ya kioo kwa kalamu ya plastiki, na si kwa mwandiko wako bali kwa mwandiko wake, ambao ilibidi ujifunze upya kama mtoto wa chuoni. Herufi A iliandikwa kama V iliyopinduliwa, bila kijiti cha katikati. Na sisi Waswahili tulikuwa na taabu yetu ya ziada: kila ulipotaka kuandika ng'ombe au ng'ambo ilibidi kwanza ugonge nukta, ndipo utie ile alama ya juu. Nikazoea. Hata leo nikiandika kwa haraka A zangu hazina kijiti.

Ya tatu nitaifikia.

SAUTI YA NYANYA

Psion ilikuwa na jambo moja ambalo Palm yangu haikuwa nalo: iliweza kunasa sauti. Nje yake ilikuwa na kitufe cha kurekodia, hata kama imefungwa.

Nyanya yangu, mama yake mama, alikuwa mtu wa Lamu, na marehemu mumewe alikuwa nahodha. Aliijua hesabu ya Nairuzi, ule mwaka wa mabaharia na wakulima wetu wenye siku 365, unaohesabiwa kumi kumi. Kila kumi ni mwongo mmoja. Miongo thelathini na sita hufanya siku 360, na tano hubaki. Mwaka huo haufuati mwezi, kwa hiyo hautangi na misimu kama unavyotanga mwezi wa Ramadhani. Nahodha aliyeujua mwongo alijua kaskazi iko wapi na kusi iko wapi. Kalenda iliyokuwamo ndani ya Psion ilikuwa ya Kizungu tu. Haikujua Nairuzi, na haikuwa na haja ya kuijua.

Basi mwaka 2000 nilikwenda kwa nyanya jioni tatu, nikaiweka Psion juu ya mkeka, nikamwomba anieleze. Alieleza katika mwongo gani chombo hakitolewi bahari kuu, na katika mwongo gani watu wa mashamba hupanda. Dakika moja ya sauti ilikula karibu nusu ya megabaiti, na mashine nzima ilikuwa na megabaiti 8 tu, kwa hiyo niliagiza kadi ndogo ya kuchomeka ubavuni, nikaiweka sauti humo. Zilipatikana dakika ishirini na tatu. Kisha, kwa kuwa mimi ni karani, nikapanga jedwali la miongo yote mbele ya tarehe za Kizungu, nikalihifadhi ndani ya mashine yenyewe. Nikajiona nimemaliza kazi.

Nyanya alifariki mwaka 2001, Mwenyezi Mungu amrehemu.

BIASHARA NILIYOIFANYA

Mwaka 2002 karani mwenzangu alikuja na iPAQ ya mfululizo wa 3600, iliyotengenezwa na Compaq. Kioo chake kilikuwa cha rangi. Megabaiti 32! Mwendo wake ulizipita zote mbili nilizokuwa nazo. Alitaka kubadilishana kwa nyongeza, nami nikakaa usiku mzima nikipima.

Kwa akili ya kawaida hesabu ilikuwa nyepesi. Kampuni ya Psion ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2001 kwamba inaacha kutengeneza kompyuta za mkononi. Basi ya kutolewa ilikuwa Psion, kwani nani anaweka kitu ambacho hakitakuwa na spea? (Sikujua wakati huo kwamba programu yake iliendelea kuishi kwa jina la Symbian. Aliyewahi kushika Nokia N70 alishika mjukuu wa Psion bila ya habari.) Nikampa mwenzangu Psion, akaigeuza mara mbili, akanirudishia. "Hii ya kizee," akasema, "nipe ile nyembamba." Nikampa Palm na shilingi 9,000 juu yake. Kwa hivyo msomaji asinisifu kwamba niliihifadhi Psion kwa busara. Niliihifadhi kwa kukataliwa.

Mwaka 2003 baba yangu akafariki. Alikuwa na duka la leso, na kama walivyokuwa wauzaji wa zama zake, alikopesha. Mimi ndimi kifungua mimba, kwa hiyo nilikabidhiwa hesabu. Wadaiwa walikuwa arubaini na mmoja, na waliokuwa wakimdai yeye walikuwa sita. Mirathi haigawiwi mpaka madeni ya maiti yalipwe, hilo halina mjadala. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya kuandika madeni, katika Suratul Baqara. Nikaiandika kila shilingi katika iPAQ, majina kwa rangi nyeusi na kiasi kwa rangi nyekundu, na wallahi nilijiona mtoto mwema.

Mfungo Sita wa mwaka 2004 nilikwenda Lamu kwa Maulidi, nikakaa wiki tatu. iPAQ niliiacha kabatini nyumbani, imezimwa. Niliporudi kioo kilikuwa cheusi. Nikaichaji usiku. Asubuhi ikawaka vizuri sana, ikanikaribisha kama mgeni, ikanitaka niguse alama katikati ya kioo ili ipate kuujua mkono wangu. Ndani yake hamkuwa na kitu. Ilikuwa kama ndiyo kwanza itoke dukani.

Nilikuja kuelezwa baadaye na fundi. Kumbukumbu ya mashine zile iliishi kwa umeme, sawasawa na samaki anavyoishi kwa maji. Hata ukiizima, betri huendelea kuinywesha kidogo kidogo, na siku betri inapokauka kabisa, yote yaliyomo hufutika. Psion na Palm zilikuwa na tabia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba za mawe unaweza kuzitilia mawe mapya dukani kwa jirani, na Psion ilikuwa na jiwe la tatu la akiba, bapa kama kifungo, la kuishikilia wakati wa kubadilisha yale makubwa. Watengenezaji wenyewe waliiona kasoro hiyo: Palm ilitoa Tungsten T5 mwishoni mwa mwaka 2004 ambayo haikusahau hata betri ikifa, na Microsoft ikafuata mwaka 2005. Mimi nilikuwa nimekwisha kusahauliwa.

Msomaji ataniuliza, je, hukuweka nakala? Niliweka, katika kompyuta ya ofisini. Mapema mwaka ule ofisi ilibadilisha kompyuta zake, ya zamani ikachukuliwa, na waya wa iPAQ ulikuwa haujatoka mkobani mwangu.

Nilirudi kwa mama, nikamweleza nimeinamisha kichwa. Hakunigombeza. Alikwenda chumbani akatoa daftari la baba, lililoliwa na mende pembeni, lenye karibu nusu ya majina. Yaliyobaki niliyatafuta kwa miguu, Kuze, Kibokoni, Majengo, hata Kisauni ng'ambo ya daraja, nikibisha hodi na kuuliza swali ambalo ni aibu kuliuliza: "Samahani, hivi wewe tunakudai?" Waliodai walijitokeza wote sita bila ya kutafutwa, na hao nashukuru kwamba walilipwa kamili. Wadaiwa, walipatikana ishirini na tisa. Mzee mmoja mvuvi alikuja mwenyewe na pesa zimefungwa katika karatasi ya gazeti. "Marehemu hakuniandika katika mashine," akaniambia. Sikuwa na la kujibu. Kumi na wawili waliosalia mama na ndugu zangu waliwasamehe, lakini mpaka leo tukikaa katika arusi dada yangu hunitupia jicho kila akipita mtu wa duka fulani.

SIKU SABA

Sasa turudi kwa mpwa wangu na tableti yake. Siku ya kwanza niliitoa Psion kutoka katika mtoto wa meza, nikaitia mawe mapya. Ikalia mlio wake mdogo, lakini kioo kikabaki kitupu. Mpwa akaifungua, akaniambia ni ule waya bapa unaopita bawabani. Hukatika kwa kufunguliwa na kufungwa, na ni maradhi yanayojulikana ya mashine hizi. Na hata angeuponya, nilijua lile jedwali langu la miongo halimo tena. Mawe ya zamani yalikuwa yamekwisha miaka mingi, pamoja na lile la akiba. Kumbe niliyemwona mwaminifu naye alikuwa amesahau, kimyakimya tu.

Ikabaki kadi. Kadi haihitaji umeme ili ikumbuke. Mpwa alileta kisomeo chake, tukaichomeka katika kompyuta ya kibandani, na mafaili yakajipanga kwenye kioo, lakini kila tulilolibonyeza lilikataa kulia, kwa kuwa Psion ilikuwa na namna yake yenyewe ya kuandika sauti. Siku mbili alihangaika kijana yule, amewaacha wateja wake. Mwishowe akapata programu ya bure iitwayo SoX ambayo inaijua namna ile, akayageuza yote kuwa mafaili ya kawaida.

Nimekata shauri hivi. Psion aichukue, ampelekee huyo Muingereza. Huenda kwake ikapata kioo na ikawaka tena, jambo ambalo mimi sitaliweza. Kadi siitoi. Tableti nimeikubali, macho yangu si ya jana. iPAQ hakuna aliyeitaka, hata mpwa, na mimi sitampa mtoto chombo kilichokula amana ya watu. Itakaa palepale ilipo. Sauti ya nyanya sasa imo katika simu ya mke wangu, ya dada yangu na ya mpwa, nami kila usiku baada ya Isha nasikiliza dakika mbili tatu na kuyaandika maneno yake kwa wino katika daftari. Nimefika mwongo wa kumi na nane. Mara mbili anakosea hesabu, anajisahihisha, anaanza tena toka Nairuzi.

Katika jioni ya tatu, mahali fulani katikati, anakohoa, kisha anasikika akisogea karibu. "Mwanangu," anauliza, "hicho kidude chako kimeshika, au nirudie?"