Biti Nane Zatosha Kupima Dhahabu

Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe Machi 2019, mchimbaji mdogo anauza dhahabu yake mbele ya mizani ya kidijitali. Akiambiwa mizani hiyo ni ya "biti 24", asidhani ndani yake mna prosesa ya biti 24. Namba hiyo kwa kawaida ni ya chipu nyingine, kama HX711, inayogeuza umeme hafifu wa kihisi uzito kuwa tarakimu. Prosesa inayozipokea tarakimu hizo inaweza kuwa ya biti 8 tu.

Tunajuaje kuwa ni ya biti 8? Prosesa ina vipimo vingi, na havilingani. Intel 8088 ya mwaka 1979, iliyotumika katika kompyuta ya IBM PC, ilikuwa na rejista za biti 16, njia ya data ya biti 8 na anwani za biti 20. Pentium ya 1993 ilivuta data kwa njia ya biti 64, lakini rejista zake za hesabu za kawaida zilikuwa za biti 32.

Mimi naangalia rejista, yaani mahali prosesa inaposhika namba inapokokotoa. Programu huandikwa kwa kuzifuata hizo. Intel 386SX ilikuwa na njia ya nje ya biti 16, lakini iliendesha programu za biti 32 za ndugu yake 386, kwa mwendo wa polepole zaidi. Hiyo ni prosesa ya biti 32, hakuna ubishi.

Biti 8 huishia 255. Namba ya biti 24 hugawanywa vipande vitatu, kisha prosesa hujumlisha kipande kimoja kimoja na kubeba kinachozidi, kama mtoto wa darasa la pili anavyobeba moja. Hatua huongezeka, lakini kwa chipu inayopiga mamilioni ya hatua kwa sekunde, mnunuzi wa Katoro au Kahama hawezi kuona tofauti.

Usahihi wa gramu hutoka kwenye kihisi, urekebishaji na meza iliyotulia pasipo upepo. Hata zile biti 24, za mwisho mwisho huwa ni kelele za umeme tu. Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, acha kuuliza biti: tafuta alama ya Wakala wa Vipimo, na uione sifuri kabla dhahabu yako haijawekwa.