Zawadi ya Mwalimu Hulipwa na Mtoto wa Jirani

Mwaka wa shule ukikaribia kuisha, wazazi wengi wa Bujumbura huanza kujiuliza watampa nini mwalimu wa mtoto wao. Kitenge? Kilo mbili za sukari ya SOSUMO, ambayo kuipata dukani kwa bei iliyotangazwa imekuwa bahati? Au faranga elfu kadhaa zitumwe kwa simu, usiku, bila shahidi? Swali hilo huulizwa Buyenzi na Bwiza kama linavyoulizwa Ngagara na Kinindo, na kwa kawaida hujibiwa kwa kutazama watu wawili tu, anayetoa na anayepokea. Mtoaji akiwa na nia njema, na mpokeaji akiwa hakuomba, watu huona hakuna ubaya. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo imemsahau mtu wa tatu, na yeye ndiye anayelipa. Huyo ni mtoto wa dawati la pili, ambaye mama yake hana cha kupeleka.

Ili kuona analipaje, tuingie darasani. Tarehe 26 Agosti 2005, siku aliyoapishwa kuwa rais, Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba minervali, yaani ada, ya shule za msingi imefutwa. Ulikuwa uamuzi wa haki, na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa sababu ya umaskini walimiminika shuleni. Lakini madarasa, madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile, na mpaka leo zipo shule za mjini zinazofundisha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Darasa la watoto 80 halimshangazi mtu. Tufanye hesabu ndogo: kipindi cha dakika 45 kikigawanywa kwa watoto 80, kila mmoja anapata sekunde 34, tena kama mwalimu hatafundisha kabisa bali atazunguka tu kuwatazama mmoja mmoja. Hapo kilicho adimu kuliko vitabu na chaki ni jicho la mwalimu: nani ataitwa ubaoni, daftari la nani litasahihishwa kwa maelezo na la nani litapigwa alama ya mkato tu, nani atasogezwa mbele kwa sababu haoni vizuri, na walimu wakikaa kuamua nani apande darasa, nani atapata wa kumsemea aliyepungukiwa alama mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloandikwa mahali. Mzazi anaposema hakununua alama, mara nyingi anasema kweli. Alichonunua ni sekunde za watoto wengine.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni tusi kwa walimu, kwamba mtu mwadilifu anaweza kupokea kitenge asubuhi na mchana akawatendea wote sawa. Sidhani walimu ni wabaya kuliko sisi wengine. Hoja ni kwamba hawana maumbile tofauti na sisi. Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925 kuhusu zawadi katika jamii mbalimbali za dunia, alionyesha kwamba zawadi huja na madai matatu yasiyosemwa: kutoa, kupokea na kurudisha. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2017, wanauchumi Ulrike Malmendier na Klaus Schmidt walichapisha matokeo ya jaribio lililopima jambo hilo hilo. Mtu alipewa kazi ya kuchagua kwa niaba ya mwingine kati ya wauzaji wawili, na mmoja wa wauzaji akaruhusiwa kumpa zawadi ndogo. Wachaguzi walielekea kumpendelea aliyetoa, ingawa hasara ilimwangukia yule waliyemwakilisha, tena hata walipoelewa fika kwa nini wamepewa. Kwa hiyo kujua mtego ulipo hakumwokoi mtu. Waislamu wa Buyenzi wanayo habari ya zamani zaidi ya hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mkusanya zaka aliyerudi na mali akaigawa mafungu mawili, hili la umma na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alimhoji mbele ya watu: angekaa nyumbani kwa baba yake au kwa mama yake, zawadi hizo zingemfuata? Swali hilo linamfaa mwalimu wa shule, na bila aibu linamfaa mwalimu wa madrasa pia.

Sheria zetu hazitusaidii sana hapa. Burundi ina sheria ya kuzuia na kuadhibu rushwa tangu tarehe 18 Aprili 2006, na mwaka huo huo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya rushwa. Lakini rushwa katika mahakama hutafutwa kwa njia moja: mtumishi wa umma amepewa nini ili afanye nini, au aache kufanya nini. Kilo ya sukari haikuombwa, na hakuna kitendo kinachoweza kuonyeshwa kuwa ndiyo bei yake. Nitatumia maneno yapi kumshitaki mwalimu aliyemtazama mtoto mmoja zaidi ya mwenzake? Kenya, katika sheria yake ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003, ilijaribu kulishika jambo kwa upande mwingine. Ilimkataza mtumishi kupokea zawadi kutoka kwa mtu yeyote ambaye maslahi yake yanaguswa na kazi ya mtumishi huyo, na ikaacha mlango kwa jamaa na rafiki katika sherehe zinazotambuliwa na mila. Hapo kilichoulizwa kwanza kilikuwa uhusiano, nia ilikuja baadaye. Na hakuna mtu ambaye maslahi yake yamelala mikononi mwa mwingine kama mzazi mbele ya mwalimu wa mwanawe.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi, mpaka watu wakacheka. Huko wazazi walizoea kuwapelekea walimu bahasha za fedha, mazoea yenye jina lake maalumu, chonji. Sheria iliyopewa jina la Kim Young-ran, jaji wa zamani wa Mahakama ya Juu, ilianza kutumika tarehe 28 Septemba 2016, na Siku ya Walimu iliyofuata, tarehe 15 Mei, ikaeleweka kwamba mwanafunzi mmoja mmoja haruhusiwi kumpa mwalimu wake hata ua moja. Mwakilishi wa darasa akilitoa hadharani kwa niaba ya wote, sawa. Mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu, ambaye mwalimu hamsahihishii tena kitu, anaweza kumshukuru. Ua halina thamani sokoni, na ndiyo maana mfano huu unafaa. Waliotunga utaratibu huo hawakushughulika na ukubwa wa kitu. Walitazama kama kinabeba jina la mtoaji, na kama mpokeaji bado ana kalamu nyekundu mkononi.

Pingamizi la kwanza la kweli ni la mila. Mrundi haendi kumtembelea mtu mikono mitupu, na Waswahili tuna msemo unaopendwa na wote wenye shida ofisini, kwamba mkono mtupu haulambwi. Kukataa zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Nakubali, ila naomba tuitazame mila yenyewe kwa ukamilifu. Zawadi ya jirani hurudi: leo umeniletea mtungi wa pombe, kesho nami nitakuletea wangu, na hakuna wa tatu anayenyang'anywa. Mwalimu hawezi kuirudisha hivyo. Ana wazazi 80, na mshahara wake haumtoshi yeye na wanawe. Kitu pekee alicho nacho cha kurudisha ni kile kilicho chini ya mkono wake darasani, na hicho si mali yake. Wazee wetu waliliona jambo hili kwa Bashingantahe, waamuzi wetu wa jadi, waliokuwa wakipewa agatutu, yaani pombe ya waamuzi. Kilichoanza kama heshima kikaja kulaumiwa kwa sababu asiye na pombe alianza kuogopa kupeleka kesi yake.

Tanzania ilipitia mjadala huo huo mahakamani, na Waswahili wengi wanaukumbuka kwa jina la takrima. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ili mgombea aruhusiwe kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, ukarimu wa kawaida wa Kiafrika. Mashirika ya haki za binadamu yalipinga, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikavifuta vifungu hivyo. Moja ya hoja zilizoshinda ni rahisi kueleweka: ukarimu huo unambagua mgombea maskini, ambaye hana cha kukirimu. Mahakama haikuhitaji kumtukana mtoaji wala mpokeaji. Ilimtazama aliyeachwa nje. Ikiwa mtu mzima anayegombea ubunge alistahili ulinzi huo, sioni kwa nini mtoto wa darasa la nne asistahili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni njaa. Faranga imeshuka thamani, bei za sokoni zimepanda, na mwalimu anayetoka Kamenge kwenda kufundisha mjini anaweza kukosa hata basi kwa sababu mafuta hayapo. Vyama vya walimu kama STEB na CONAPES vimelalamikia mishahara kwa miaka mingi. Mbona basi mzazi mwenye uwezo asizibe pengo? Jibu liko ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Kongo, iliyoitwa zamani Zaire, mwendo mfupi wa gari kutoka Bujumbura. Zaire ilipoacha kuwalipa walimu wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na migomo ikafunga shule, maaskofu Wakatoliki na wazazi walikubaliana kwamba wazazi watoe kitu ili masomo yaendelee. Iliitwa prime, motisha ya mwalimu, na ilikusudiwa kuwa ya muda. Ilidumu zaidi ya robo karne. Kule Uvira na Bukavu kizazi kizima kilikua kikijua kwamba asiyelipa prime anarudishwa nyumbani, na serikali ikapata kisingizio cha kusahau kabisa kwamba mwalimu ni mtumishi wake. Elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa kuanza Septemba 2019, ilikutana na maelfu ya walimu ambao hawakuwamo kwenye orodha ya mishahara, na migomo ikaanza upya. Shukrani ya mzazi ilikuwa imekaa mahali pa mshahara muda mrefu mno.

Rwanda nayo ilijaribu toleo lenye utaratibu, agahimbazamusyi, michango ya wazazi iliyokusanywa na shule ili kuwapa walimu nyongeza. Ilikuwa safi kuliko bahasha kwa kuwa haikubeba jina la mtoto, lakini shule za mjini zenye wazazi wa mishahara zilikusanya vizuri, na za vijijini zikabaki na kidogo, hivyo pengo likahama kutoka kati ya watoto na kwenda kati ya shule. Kilichobadilisha maisha ya walimu ni uamuzi wa Agosti 2022: serikali iliongeza mishahara ya walimu wa shule za msingi kwa asilimia 88 na ya sekondari kwa asilimia 40. Burundi haina mfuko wa Rwanda, najua. Hata hivyo mzazi anayempa mwalimu mmoja kimya kimya anajinunulia unafuu wa nyumba moja, na siku vyama vya walimu vinapodai haki, yeye hana tena sababu ya kusimama nao.

Basi, je, tusishukuru? Tushukuru, kwa namna isiyomgharimu mtoto wa mwenzetu. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lina kanuni ndogo ninayoiona ya busara: darasa zima linaweza kumpa mwalimu zawadi ya pamoja isiyozidi dola 150, kwa sharti kwamba mwalimu haambiwi nani alichanga wala nani alichanga kiasi gani. Hapo mwenye kutoa nyingi na asiyetoa kabisa wanasimama sawa mbele yake. Kwetu utaratibu huo hauhitaji sheria mpya. Kamati ya wazazi inaweza kupokea michango ya hiari, kidogo kwa kila anayetaka, bila orodha kumfikia mwalimu, na zawadi ikakabidhiwa hadharani baada ya matokeo kusomwa, wakati alama zimekwisha kuandikwa. Mtoto akichora picha ampelekee mwalimu wake, sijui nani ataona ubaya. Pesa ya simu iliyotumwa wiki ya mitihani ni jambo jingine kabisa, na mwalimu anayeirudisha siku hiyo hiyo anastahili kutetewa na mkurugenzi wake badala ya kuchekwa na wenzake.

Kipo pia kitu ambacho wazazi hawakitumii. Mwalimu wa serikali hutathminiwa kila mwaka kama mtumishi yeyote wa umma. Barua ya mzazi inayoeleza kwa maneno mawili matatu mwalimu amefanya nini, nakala moja kwake na moja kwa mkurugenzi, inaweza kukaa kwenye jalada lake muda mrefu baada ya sukari kuisha. Asiyejua kuandika anaweza kuyasema hayo hayo kwenye mkutano wa wazazi, yakaandikwa katika kumbukumbu. Kamati za wazazi za Bujumbura, kutoka Kinama hadi Kanyosha, ziliweke suala la zawadi kwenye ajenda ya mkutano unaokuja, mapema, kabla mitihani haijaanza, na uamuzi wao ubandikwe ukutani ambapo kila mzazi atausoma.